Seva ya nyumbani: anza na mita ya umeme, prosesa baadaye

Wageni wengi wa seva za nyumbani, yaani kompyuta zinazowaka muda wote kutunza mafaili na kuendesha huduma zako mwenyewe, hukimbilia seva kubwa za ofisini zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Kabla hujalipa, piga hesabu ya umeme. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza uniti 72 kwa mwezi. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO (shirika la umeme Tanzania), lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, friji na feni utaziendesha kwa uniti zipi? Kompyuta ndogo za maofisini, mfano Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, zikitulia hula kama wati 10, yaani uniti 7 na ushee kwa mwezi.

Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. i5-8500T ina kori sita, na chipu yake ya picha inamudu kazi ya kubadilisha muundo wa video za Jellyfin (programu ya kutazamia filamu zako) bila kuisumbua prosesa. RAM ya GB 16 inatosha kabisa. SSD nunua mpya, hata kama vingine vyote ni vya mtumba. Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, nayo inafaa, ila hifadhidata usiiweke kwenye kadi ya SD. Kadi hizo huchoka haraka kwa kuandikwa mfululizo. Na kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka usiidharau: betri yake, kama haijavimba, inaivusha salama umeme unapokatika. Kwa zile za mezani, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) uziamuru ziwake zenyewe umeme ukirudi.

Upande wa programu, Docker Compose inatosha: huendesha kila huduma ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichojitenga, kwa kufuata faili la maelekezo. Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena kwenye mashine nyingi, iache kwanza. Kila huduma ipe folda yake, faili lake la Compose na `restart: unless-stopped`, ili iwake tena yenyewe ikizimika. Data ikae kwenye folda ya nje ya kontena, kwa sababu kontena lenyewe ni la kufuta na kuunda upya wakati wowote. Taja namba ya toleo la programu, usiandike `latest` (yaani la karibuni). Hasa hifadhidata ya PostgreSQL: toleo kuu jipya halisomi folda ya data ya toleo lililotangulia, na Nextcloud yako (programu ya kutunza mafaili) inayoitegemea itagoma kuwaka.

Kumbukumbu za matukio ya kontena (logs), kwa mpangilio wa kawaida, hazina ukomo. Weka `max-size` mapema, la sivyo zitajaza diski kimyakimya. Jihadhari pia na milango ya mtandao (ports): mlango unaofunguliwa na Docker hupita bila kuzuiwa na ufw (ngome ya mtandao ya Linux), hivyo uelekeze kwenye 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe tu, kama huduma haihitaji kuonekana nje. Ili kuifikia seva ukiwa safarini, usihangaike kufungua milango kwenye ruta. Intaneti nyingi za laini ya simu hazikupi anwani ya umma, ile inayofikika kutoka nje. Njia ya siri ya mtandao (VPN) itakufikisha: WireGuard kupitia seva ndogo ya kukodi, au Tailscale.

Nakala za akiba ndizo wengi huahirisha. Usinakili mafaili ya hifadhidata inayofanya kazi, nakala inaweza kutoka mbovu. Tumia `pg_dump`, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala, kisha jaribu nakala hiyo kwa kuirejesha kwenye kontena jipya. Diski ya nakala ikae nyumba nyingine, kwa dada au kazini, maana mwizi akibeba kompyuta hataacha diski iliyo pembeni yake.