Mwanangu asomee uchomeleaji kwa ajili ya bomba la mafuta?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama lishe hapa Tanga mjini. Mwanangu amemaliza kidato cha nne, anataka kwenda VETA kusomea uchomeleaji kwa sababu ya bomba la mafuta la Chongoleani. Mjomba wake anakataa, anasema magari yote yatakuwa ya umeme na mafuta yatakosa mnunuzi. Wateja wangu nao kila mmoja ana lake, na wote wanaapa. Nimwamini nani?
Mama wa Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anayeapa ndiye wa kumtilia shaka kwanza. Mwanasaikolojia Philip Tetlock alikusanya utabiri wa wataalamu 284 wa siasa na uchumi kwa takriban miaka 20, kuanzia miaka ya 1980, akaupima na yaliyotokea. Kwa wastani hawakumzidi sana mtu anayebahatisha. Walioshikilia wazo moja kubwa ndio waliokosea zaidi. Waliookota habari huku na kule na kukubali kubadili mawazo walifanya vizuri kidogo.

Kwa hiyo usitafute wa kumwamini. Tenganisha mambo mawili: yaliyokwisha kuanza safari, na yasiyojulikana yataelekea wapi. Hiyo ndiyo njia ya Pierre Wack, Mfaransa aliyekuwa kampuni ya mafuta ya Shell. Mvua kubwa ikinyesha kule milimani Amani, sisi wa mjini twajua maji ya Mto Zigi yatashuka na tope. Hapo hakuna utabiri, ni kusubiri tu. Wack aliona kwamba nchi zenye mafuta zilikuwa na sababu zote za kutaka bei ipande, akawaandalia wakubwa wake picha kadhaa za kesho badala ya moja. Oktoba 1973 vita vikazuka Mashariki ya Kati, na ilipofika Januari 1974 bei ilikuwa imepanda karibu mara nne. Shell walikuwa wamekwishalijadili jambo hilo. Nchi kama yetu, inayoagiza mafuta nje, iliumia vibaya.

Hapa Tanga nasi tulikuwa na mvua yetu ya milimani. Nimekulia kambi ya mkonge, baba yangu alikuwa mkataji. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kambini hakuna aliyewaza kwamba korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ingekuja kunyamaza. Lakini soko letu kubwa lilikuwa kamba za kufungia nyasi kavu za mifugo huko Ulaya na Marekani, na viwanda vya huko vilikuwa vimeanza kusokota kamba za plastiki. Mwisho wa miaka ya 1980 hata tani 50,000 hatukufika. Watu husema ni kutaifisha mashamba tu. Kulichangia, lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya 1967. Dalili ilikuwa kwa mnunuzi, nasi tulikuwa tunatazama shamba.

Basi tumtazame mnunuzi wa mafuta. China ndiyo inayoagiza mafuta ghafi mengi kuliko nchi yoyote, na mwaka 2024 karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme, yakiwemo yanayochanganya umeme na petroli. Mjomba hajabuni. Hata hivyo, je, dunia itakuwa bado inanunua mafuta miaka 20 ijayo? Nasema tisa kwa kumi. Itanunua mengi kama leo? Nne kwa kumi, na China ikienda kasi zaidi nitashusha.

Jambo ambalo halihitaji utabiri ni hili: kujenga bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, kunataka maelfu ya mikono, kuliendesha kunataka wachache. Ajira ya ujenzi ina mwisho hata mafuta yakipanda bei. Kijana anayejua kuchomelea bomba tu atakwama. Anayejua na aluminiamu, matangi, mageti na mabodi ya magari atakula kwenye picha zote mbili, ya mwanao na ya mjomba.

Mimi ningemlipia ada. Ila kabla ya kulipa, nenda naye chuoni mkamuulize mwalimu: mwanafunzi anashika mashine saa ngapi kwa wiki, na anafundishwa kuchomelea vyuma vya aina gani? Jibu la hapo lina uzito kuliko yote yanayosemwa mezani kwako.