Peptidi imeshuka, mapigo bado 84

Ndugu, umeuliza kama dawa za baba za moyo kushindwa kusukuma damu vizuri zinafanya kazi, maana NT-proBNP, peptidi ya moyo inayopimwa kwenye damu, imetoka 2,400 hadi 1,900 lakini mapigo yake akiwa ametulia bado ni 84.

Peptidi hii humwagwa kwenye damu pale kuta za moyo zinapotanuka kwa shinikizo. Hupanda na kushuka kidogo hata mgonjwa akiwa vilevile, kwa hiyo mabadiliko yasiyofika kama asilimia 30 hayasemi mengi. Ya baba imeshuka asilimia 21. Si habari mbaya, ila msipige vigelegele bado. Figo zikidhoofu namba hupanda, unene huishusha. Na akianzishiwa sakubitrili, dawa nyingine ya moyo, afuatiliwe kwa NT-proBNP hiyohiyo, si BNP, peptidi ndugu yake, kwani dawa hiyo huzuia BNP isivunjwevunjwe.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni hiyo 84. Kwanza ECG, kipimo cha umeme wa moyo: mdundo uko sawa, au unarukaruka ovyo? Ukirukaruka, wenyewe tu huipandisha peptidi. Ukiwa sawa, muulize daktari kama dozi ya beta-bloka, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, imefika kiwango anachoweza kuvumilia. Ikiwa imefika, na kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 35 au chini ya hapo ya damu iliyoujaza, mtajie ivabradini, dawa nyingine ya kupunguza mapigo. Utafiti wa SHIFT, uliotoka 2010, ulionyesha inapunguza kulazwa hospitalini kwa wenye mapigo 70 na zaidi. Hospitalini wampime pia kama ana upungufu wa damu, na tezi ya shingo (thairoidi), maana navyo huweza kuharakisha mapigo.

Dozi msiiguse wenyewe. Miguu ikivimba, au uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, msingoje siku ya kliniki.