Kabastola kadogo kamenishinda kukoki

SWALI: Mwanangu wa maswali na majibu, hujambo. Mimi ni mama wa miaka 64, kwetu Tanga ila naishi Houston, Texas, miaka mingi sasa. Baridi yabisi imenishika vidole vyote, dole gumba ndio usiseme, hata tui sikamui tena natumia la kopo. Mwaka jana nyumba ya jirani ilivunjwa, mwanangu akaninunulia kabastola ka risasi za saizi ya .380, kadogo, kanaingia mkobani. Muuza duka alimwambia akina mama wachukue ndogo. Sasa kukakoki siwezi, navuta ile slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) inafika nusu inarudi inanifinya ngozi. Hata nikikokewa na mtu, napiga risasi mbili ya tatu inajamu. Wengine wananiambia ninunue rivolva, ile ya silinda inayozunguka. Unasemaje? – Mama Tanga, Houston

JIBU: Shikamoo mama, pole na yabisi, na ngoja nianze na huyo muuza duka maana ameharibia wengi. Bastola ndogo sio nyepesi kukoki, mara nyingi ni kinyume chake kabisa. Slaidi ndogo ni nyepesi, na kitu chepesi kinachorushwa nyuma na mlipuko kinataka springi kali ya kukizuia, halafu pa kushika penyewe ni kama ncha ya kidole. Na zile bastola za .380 za mtindo wa zamani kama Walther PPK (ya 1931 hiyo) ni ngumu zaidi, kwa sababu mtutu umekazwa haujongei na kinachofunga chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) ni uzito wa slaidi na springi peke yake. Ndio maana unakuta 9mm kubwa inakokeka laini kuliko kitoto cha .380. Na kitoto hicho kikipiga kinapiga teke mkono wote, kwa mtu mwenye yabisi hiyo ni adhabu.

Kabla hujauza hako ulikonako jaribu hivi kwanza. Uwe kwenye renji (uwanja wa kulenga shabaha), mwalimu pembeni, magazini (kibebeo cha risasi) imetoka na chemba imeangaliwa ni tupu. Nadhani sasa hivi unashika slaidi kwa dole gumba na kidole cha shahada kama unavyobana kombeo. Acha, mshiko huo unategemea vidole, na vidole ndio vimekukatalia. Funika slaidi kwa juu na kiganja cha kushoto, kule nyuma kwenye michirizi, vidole vinne upande mmoja na nyama ya kiganja upande wa pili, dole gumba likuelekee wewe. Usifunike kile kidirisha cha kutolea maganda. Lete bastola karibu na kifua, viwiko vimekunjwa, mdomo wa mtutu unaangalia shabaha. Sasa usivute slaidi. Kaza mkono wa kushoto ubaki pale pale, halafu mkono wa kulia ndio usukume bastola kwenda mbele kwa nguvu, mara moja, kama vile unaipiga ngumi hewa.

Mama, wewe umekuna nazi kwenye mbuzi. Unakumbuka nguvu inatoka wapi? Sio kwenye vidole, unaegemea, bega na mgongo ndio vinafanya kazi, mkono umeshika tu. Ni hivyo hivyo. Watu wakielewa hapo nimewaona wanacheka wenyewe, jana alikuwa anapigana na kile chuma na leo kimeenda.

Mambo mawili hapo ya kuangalia sana. La kwanza, ukiwa unahangaika mwili unageuka bila kujua na mtutu unaanza kumwangalia mtu wa kibanda cha pili, au kiwiko chako mwenyewe. Dawa yake ni kugeuza miguu na kiwiliwili kulia kidogo, ili bastola ikiwa imelala mbele ya kifua chako mtutu uwe bado kwenye shabaha. Na kidole nje ya triga muda wote. La pili, slaidi ikifika mwisho iachie ghafla irudi yenyewe kwa kishindo. Wenye mikono dhaifu wanaisindikiza taratibu wakiogopa kufinywa, matokeo yake risasi haiingii vizuri.

Hapo tumefika kwenye kujam kwako. Bastola ya aina hii inajikoki yenyewe kwa kutegemea kwamba fremu imeshikwa imara, slaidi inarudi nyuma fremu ikiwa imetulia. Mkono ukilegea, fremu nayo inarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inapotea, ganda linabanwa mlangoni limesimama kama bomba la moshi. Kwa hiyo inawezekana kabisa bastola yako ni nzima. Shika juu kabisa ya mpini, mkono wa kushoto uzungushe juu ya wa kulia ubane kutoka pembeni, na kifundo cha mkono kisikunjike. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichovishwa kwenye mpini kinasaidia pia, mpini unanenepa kidogo na hauteleze, ila kisiguse triga wala kitufe cha kutolea magazini. Na usiende renji asubuhi, wenye yabisi mnajua vidole vya asubuhi vilivyo, na humo ndani kuna kiyoyozi juu yake. Nenda mchana, mikono imepata moto.

Kujaza magazini nako kunaumiza dole gumba kuliko hata kukoki. Kuna kifaa cha plastiki kinaitwa UpLULA (kwa magazini nyembamba ya .380 ni BabyUpLULA), unakisukuma chini kwa kiganja risasi inaingia, nunua hicho mama usijitese. Na usijaze mpaka pomoni, ukipunguza moja magazini inaingia kwenye bastola kwa urahisi zaidi slaidi ikiwa imefungwa.

Ukijaribu yote hayo kwa siku mbili tatu na bado, badilisha bastola. Bahati yako uko Texas, renji nyingi kwenu zinakodisha, unajaribu tano sita kabla ya kutoa hela. Smith & Wesson walitoa bastola ya Shield EZ ya .380 mwaka 2018 na ya 9mm mwaka 2020, slaidi yake imetengenezwa makusudi kwa watu kama wewe, na magazini ina kitufe cha pembeni cha kuvuta wakati unajaza. Mimi ya .380 naipenda zaidi kwa yabisi. Ila ina sefti (kizuizi cha usalama) nyuma ya mpini ambayo lazima kiganja kiibonyeze mpaka ndani, hakikisha kiganja chako kinafanya hivyo kila mara. Na ukikuta ya 9mm ya mkono wa pili, kampuni yenyewe ilitoa tangazo Novemba 2020 kwamba nyundo za baadhi zilizotengenezwa mwaka huo zikaguliwe, uliza namba yake kwanza. Ruger nao wana Security-380 ya 2023, kubwa kidogo, laini. Na kama kukoki kumeshindikana kabisa, Beretta Tomcat ya .32 mtutu wake unafunguka kwa juu kama mfuniko, unaweka risasi ya kwanza kwa mkono, unafunga, hukugusa slaidi. Shida yake ikijam bado utahitaji kuvuta, na hapo unarudi kule kule.

Rivolva? Kukoki hakuna, kweli, lakini triga yake ni kama kilo tano, kidole kimoja kinavuta kilo tano kila risasi, na zile ndogo nyepesi zinapiga teke baya. Jaribu kabla hujanunua, wengi wanaikimbia.

Kipimo changu mimi ni hiki: kama huwezi kutoa risasi zote na kuacha bastola tupu peke yako, bila kumwita mwanao, basi usiijaze. Kukoki unaweza kusaidiwa mchana renji, saa nane ya usiku nani atakutolea risasi kwenye chemba?

Halafu wajukuu. Bastola iliyo laini kwako ni laini kwa mtoto wa darasa la pili pia, ule ugumu uliokuwa unakukera ulikuwa unamzuia na yeye. Nunua kisanduku cha kufunga kinachofunguka kwa vitufe vikubwa, na kwenye mkoba bila kufungiwa usiiache hata dakika. Sheria ya Texas inamhesabu mtoto kuwa ni chini ya miaka 17, akiipata bastola iliyojazwa kwa uzembe wako, kesi ni yako.

SWALI: Naishi Nakuru, mfanyabiashara, nina leseni na Ceska yangu ya siku nyingi, CZ 75. Nilipata stroku mwaka juzi mkono wa kushoto umerudi lakini sio kama zamani. Fundi mmoja ameniambia atakata springi kidogo iwe laini. Nimkubalie?

JIBU: Mzee wangu usikubali. Springi ikikatwa slaidi inagonga fremu kwa nguvu kila risasi, na kurudi mbele inakosa nguvu ya kusukuma risasi chemba, sasa umelainisha nini. Shida ya CZ 75 inajulikana, slaidi yake inapita ndani ya fremu badala ya nje kwa hiyo pa kushika ni padogo kuliko Glock, hata wenye mikono mizima wanalalamika. Lakini ina nyundo ya nje, ivute nyuma kwanza kwa dole gumba la kulia ndio ukoki, slaidi haitakuwa na kazi ya kuilaza nyundo na utasikia tofauti hapo hapo. Kidole mbali na triga. Soma pia nilivyomwambia Mama Tanga, wewe sukuma kwa mkono wa kulia ulio mzima, wa kushoto kazi yake iwe kung'ang'ania tu.

Ikishindikana, kubadilisha bastola kwenu Kenya sio kama Houston, cheti kimeandikwa silaha ile ile na namba yake, kwa hiyo anzia Bodi ya Leseni za Silaha kabla hujaongea na muuzaji yeyote. Na waambie habari ya stroku, usifiche.