Binti wa miaka minane ameanza kuota matiti: nimpunguzie chakula?

SWALI: Daktari, naomba unisaidie. Binti yangu ana miaka 8 na miezi 4, uzito kilo 41. Juzi nikimwogesha niligusa kivimbe chini ya chuchu ya kushoto, na anasema kinamuuma kikiguswa. Dada yangu ananiambia ni unene, nimkatie chakula mpaka ashuke kilo 30, la sivyo atavunja ungo kabla hajamaliza darasa la nne. Kuna mama sokoni anayeuza unga wa kusawazisha homoni, kopo shilingi 1,500. Nishike lipi? – Mama wa Kisumu

JIBU: Mama, usimkatie mtoto chakula. Na unga huo, kama umeshaanza kumpa, acha leo.

Kivimbe kuanza upande mmoja na kuuma kidogo ni jambo la kawaida; usikikande wala usimfunge kifua kwa leso. Kwa mtoto mwenye mwili, mafuta ya kifuani hufanana sana na titi linaloota, kwa hiyo lazima daktari apapase kwa vidole ajue ni lipi. Tukipata kuwa ni titi kweli, miaka 8 ndiyo mpaka wetu: aliyeanza chini ya hapo tunasema amewahi mno. Wako ameuvuka kwa miezi minne. Yumo ndani ya kawaida, ila yuko mlangoni, na anastahili kupimwa. Hedhi kwa kawaida hufuata miaka 2 hadi 2 na nusu baada ya matiti kuanza, kwa hiyo haiji mwezi ujao.

Sasa hili la kilo, maana ndilo linaloniumiza. Mwaka 1970 watafiti wawili wa Marekani, Rose Frisch na Roger Revelle, walitoa hoja kwamba msichana huvunja ungo akifikisha uzito fulani, karibu kilo 47. Hoja hiyo ilionekana kurahisisha mambo kupita kiasi, lakini huku mitaani ingali hai: watu wanadhani mizani ndiyo saa ya mwili, ukirudisha mshale nyuma na balehe inarudi. Hairudi.

Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994. Kazi yake mojawapo ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ya chakula ipo. Watoto wachache wanaozaliwa bila leptini hawabalehe mpaka watibiwe, lakini wakipewa homoni hiyo wakiwa bado wadogo, hawabalehe kabla ya wakati. Yaani leptini inatoa ruhusa tu. Anayeanzisha safari ni ubongo, na humo kuna urithi pia: wewe mwenyewe ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi? Ni kweli wasichana wanene, kwa jumla, huanza mapema kuliko wenzao wembamba. Lakini ubongo ukishaanza, sijaona ukizimwa kwa kulaza mtoto njaa.

Ninachokiona kliniki ni kingine. Naletewa msichana anayekula kwa kujificha, mwenye upungufu wa damu, anayesinzia darasani, na matiti yanaendelea kuota vilevile. Karibu robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu ya kubalehe. Ukimnyima chakula wakati huo, unamnyima mifupa ya maisha yake yote. Tunachotaka ni uzito usimame huku yeye akirefuka: soda na mandazi za kila siku zitoke, ugali upungue kidogo, omena, maharagwe na sukuma wiki vibaki, na acheze nje mpaka atokwe jasho. Nyumba nzima ile hivyo, asitengewe sahani ya adhabu.

Na hao wauza unga! Homoni ipi wanaisawazisha, na wameipima wapi? Dawa na krimu zenye estrojeni, yaani homoni ya kike, zenyewe huotesha matiti kwa mtoto, na kopo lisilo na orodha ya vilivyomo linaweza kuwa na chochote. Wengine humsukumia lawama kuku wa gredi, eti amejazwa homoni, ili ununue kopo la pili. Kuku huyo hukua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula chake.

Kibaya zaidi ni muda wanaoula. Mtoto wa miaka 6 anayeota matiti huenda ana uvimbe kwenye ubongo au tatizo la ovari. Na hata tusipopata ugonjwa, zipo sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu zinazotuliza balehe, ila zinafaa mifupa ikiwa bado wazi, yaani bado inarefuka. Mzazi akimaliza makopo manne kwanza, analetwa mtoto ambaye mifupa yake imekaribia kufunga, na urefu aliopoteza siwezi kumrudishia. Akiumwa kichwa mara kwa mara, akitapika asubuhi, macho yakififia, au damu ikitoka sehemu za siri, usingoje hata wiki.

Wako mpeleke kwa daktari wa watoto mwezi huu, apimwe urefu, na ikibidi apigwe eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa. Beba kijitabu chake cha kliniki na vipimo vyovyote vya urefu mlivyonavyo, na kopo la unga pia. Jioni hii kaa naye umweleze hedhi ni nini, kwa upole, kabla hajasikia kwa wenzake kwamba mwili wake umefanya kosa.