Jibu: Tangu tuanze kuagiza kwa simu, mboga zimepungua mezani

Dada, umeuliza kama kuagiza mtandaoni ndiko kulikowatoa watoto kwenye mchicha. Kwa kiasi fulani, ndiyo, na kwangu hapa Dar ilitokea hivyohivyo. Mchicha wa kwanza niliouagiza ulifika umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, majani yametoa jasho na ncha zimeshakuwa nyeusi. Baada ya hapo mkono wenyewe ukaanza kuchagua visivyooza: biskuti, soseji, juisi za boksi. Halafu kuna ile "ongeza kidogo usafiri uwe bure". Mtu haongezi bamia pale, anaongeza soda! Na soda ya kola ya nusu lita peke yake ina sukari ya gramu 50 hivi, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidi kwa siku nzima.

Mimi sikuacha simu, niligawa manunuzi. Mchele, maharage, unga na mafuta naagiza mara moja kwa mwezi, nikiwa nimeshiba na orodha nimeiandika kwenye karatasi. Kile kitufe cha "agiza tena" sikigusi kabisa, maana kinarudisha na makosa ya mwezi uliopita. Mboga na matunda namwandikia mama mmoja wa sokoni kwa WhatsApp. Asubuhi ananipigia picha ya matembele na nyanya za siku hiyo, nachagua, bodaboda analeta kabla ya saa nne. Jaribu wiki mbili, uwaache watoto wachague tunda kwenye picha. Wangu walianzia kwenye papai.