Ukinzani unarudi kwenye kelvini 5, je, sampuli yangu mbovu?

Swali: Napima HoNi2B2C, supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipoa vya kutosha) cha holmiamu, nikeli, boroni na kaboni. Nikishusha joto ukinzani unakufa kabisa kwenye kelvini 8 na kitu, lakini nikiwasha uga mdogo wa sumaku unafufuka karibu na kelvini 5, nikishuka zaidi unapotea tena. Nitupe kristali?

Jibu: Usitupe bana! Hicho unachokiona ndicho kilichoipa holmiamu umaarufu tangu familia hii, yenye nikeli, boroni, kaboni na metali moja inayobadilika kama holmiamu, igunduliwe 1994.

Kristali yenyewe ni tabaka za holmiamu na kaboni zinazopishana na tabaka za nikeli na boroni. Atomu za holmiamu ndizo zenye usumaku, na elektroni zinazotembea kwa jozi bila ukinzani haziwezi kuukwepa, zinapita humo humo. Sasa ndani ya kila tabaka la holmiamu sumaku zote zinaangalia upande mmoja, kuanzia kama kelvini 6 kushuka tabaka moja linakuwa limegeuka karibu kinyume na la chini yake lakini halifiki kabisa, kwa hiyo linazunguka tabaka hadi tabaka kama ngazi ya kuzunguka, na kuna mpangilio mwingine tena unaochomoza hapo hapo, kwa hiyo jozi zinabanwa na ukiongeza uga wako kidogo tu zinavunjika. Chini ya kelvini 5 vurugu inaisha, tabaka hili likiangalia kushoto linalofuata linaangalia kulia, zinafutana, jozi zinapumua.

Wengi wanadhani sumaku yoyote inaua supakondakta, si kweli, kinachoua ni namna ilivyojipanga. Angalia disprosiamu ikikaa mahali pa holmiamu: inajipanga kisumaku kwenye kelvini 10 hivi, halafu inakuja kuwa supakondakta kwenye 6, sumaku imeshakaa kitambo! Lutetiamu isiyo na usumaku inakuwa supakondakta tangu kelvini 16.5, gadoliniamu haiwi kabisa. Mi binafsi inayonishangaza zaidi ni erbiamu, chini ya kelvini 2.3 inakuwa na usumaku hafifu wa upande mmoja na bado ukinzani ni sifuri.

Ila usiniamini tu, rudia bila uga kabisa, na kati ya kelvini 4 na 7 shusha joto taratibu, hatua za 0.1 hivi, maana ukikimbia kipimajoto na kristali haviko joto moja. Kuna sampuli zinafufua ukinzani hata bila uga na zingine hadi uziwekee, kiasi cha kaboni na ulivyoichoma baada ya kuitengeneza vinabadilisha sana. Hata hivyo mpito wa pale kelvini 8 ukiwa mpana, sio mkali, hapo ndio nitaanza kuishuku kristali yako.