Kampuni zinafikaje mpaka kwenye sheria?

SUALI: Assalaam alaykum. Mie nalima mwani huku Micheweni, Pemba. Kila ikitajwa sheria mpya au kodi twasikia kampuni zishakaa na wakubwa zamani, sie khabari twazipata redioni. Wanafikaje huko, ni rushwa tu?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yetu. Rushwa ipo, lakini njia kubwa ni halali kabisa na hapo ndo panaponiuma. Kampuni inaajiri mtu kazi yake hiyo tu, kujua mswada uko wizara gani, nani anauandika, kamati inakaa lini, halafu anapeleka karatasi ishapangwa vizuri ina tarakimu na vifungu tayari, sasa ofisa ana kazi chungu nzima na hana wa kumfanyia utafiti, si ataichukua hiyo hiyo? Tena wana jumuiya zao, wenye mahoteli, waagizaji bidhaa, wanachangishana ada wanasema kwa sauti moja. Na ile "mkipandisha kodi tunafunga, vijana watakosa ajira" inafanya kazi sana. Wengine humngojea ofisa astaafu wampe kazi.

Marekani wana sheria ya 1995, anaelipwa kushawishi wabunge lazima ajiandikishe aseme nani anamlipa na kiasi gani. Malalamiko bado yapo kule ila angalau wananchi wanaona. Kwenye tumbaku ndo dunia imekaza zaidi, mkataba wa WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania imeridhia tangu 2007, kifungu 5.3 kinataka serikali zilinde sera za afya zisiingiliwe na kampuni za sigara.

Mie sisemi mfanyabiashara anyamaze, nayo ni haki yake. Khatari ni asikilizwe yeye peke yake. Mswada ukifika Baraza la Wawakilishi kamati huita wadau watoe maoni, na mkulima wa mwani ni mdau khasa, lakini nauli ya boti kutoka Pemba mpaka Chukwani, Unguja, linapokaa Baraza, nani ataitoa? Kwa hiyo ushirika wenu uchague mtu mmoja, mumbane mwakilishi wenu awape mswada mapema, muandike barua fupi tu, kilo mnalipwa shilingi ngapi, kamba na vigingi vinakugharimuni nini, mvua ikiharibu mnabaki na nini, maana hesabu hizo kampuni haitozipeleka. Nakala moja iende kwa katibu wa kamati na asaini kuwa kaipokea.